DVD Zako za Zamani Kwenye Tovuti: Nakili Kwanza, Lipa kwa Awamu

Kwa kawaida hapa tunaongea kuhusu till, PIN na matapeli wa simu. Leo tutaanza na kitu chenye vumbi: zile DVD ziko chini ya TV ama kwenye kabati la chumba cha kulala. Usijali, pesa tutazifikia. Kwa kweli ni pesa zilizotuleta hapa.

Mwezi jana mama mmoja wa Thika alitupigia simu. Ni mteja wetu wa miaka mingi. Anakodisha mahema na viti, anapamba harusi, na wateja wake wengi humlipa kwa till. Mpwa wake alikuwa amemtengenezea tovuti, tena ikapendeza, ila haikuwa na kitu cha kuonyesha. Picha tatu tu. Na kumbe kabatini alikuwa na DVD 14 za harusi na sherehe alizopamba kati ya 2008 na 2014. Kazi yake yote ya mwanzo ilikuwa humo.

Akampata kijana mmoja mwenye kibanda cha kompyuta. "Mama, leta tu zote, Ijumaa utazikuta tayari," kijana akamwambia. Bei ilikuwa shilingi 500 kwa kila diski. Mama akamwachia DVD zote 14 na kumtumia 7,000 palepale, kwa namba ya kibinafsi. Ijumaa ikafika, simu haipatikani. Jumatatu akaenda kibandani, akakuta pale panauzwa mitumba.

Alitupigia akitaka tumrudishie pesa. Ikabidi tumweleze jambo ambalo hakuna mteja anayependa kulisikia: huduma ya kurudisha pesa ni ya mtu aliyekosea namba. Yeye hakukosea. Alituma kwa mtu aliyemkusudia, akathibitisha kwa PIN yake mwenyewe. Tulimshauri apige ripoti polisi na aende na ujumbe wa muamala kama ushahidi. Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mwenzetu aliyepokea simu: "Kijana wangu, hiyo elfu saba nitaitafuta tena. Zile diski nitazitoa wapi?"

Hilo swali ndilo somo letu la leo. Tutakuonyesha jinsi ya kutoa video kwenye DVD, kuigeuza iwe faili inayofunguka kwenye simu ya mteja wako, na kuiweka kwenye tovuti. Na kama utampa fundi kazi hiyo, tutakuonyesha jinsi ya kulipa bila kulia baadaye.

Kwa nini usingoje

Kuna watu husema, "DVD zangu ziko salama, sizigusi." Shida ni kwamba diski huzeeka hata kama haiguswi. DVD ni vipande viwili vyembamba vya plastiki vilivyogundishwa pamoja, kila kimoja nusu milimita na kitu, na habari iko katikati. Zile za filamu za kiwandani huchapwa kwa mashine. Lakini ile aliyokuchomea mpiga video wa harusi ni ya aina nyingine: ndani yake kuna rangi maalumu, na mwale wa mashine ndio uliochora habari kwenye hiyo rangi. Joto na mwanga wa jua huifanya rangi ififie. Ile karatasi ya kubandika yenye picha ya bwana na bibi harusi nayo inaweza kuikunja diski kidogo kidogo mpaka isisomeke vizuri.

Halafu kuna mashine zenyewe. Laptopu nyingi mpya hazina tundu la DVD. Deki za nyumbani zinaharibika, na fundi anakwambia vipuri hakuna. Wale wanaokumbuka enzi za filamu za River Road, tulipokuwa tukinunua diski mtaani kama njugu, wanajua jinsi mambo yamebadilika. Siku moja utakuwa na diski nzima lakini hakuna cha kuichezea.

Kwa hivyo kazi hii ifanye mwaka huu. Na kama unazo nyingi, anza na ile ambayo haina nakala popote pengine.

Kuna nini ndani ya hiyo diski?

Ukiiweka DVD kwenye kompyuta na kuifungua kama folda ya kawaida, utaona folda inaitwa VIDEO_TS. Ndani yake kuna mafaili yenye majina kama VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea. Hayo ya VOB ndiyo video na sauti. Moja halizidi ukubwa wa GB 1, ndiyo maana harusi ya saa mbili imekatwa vipande vinne ama vitano. Mafaili ya IFO ni kama ramani: yanaieleza deki ianzie wapi na menyu iko wapi. Ya BUP ni nakala ya hizo ramani, ikitokea ya kwanza imeharibika.

Sasa, kwa nini usichukue tu VOB ukaipandisha kwenye tovuti? Kuna sababu tatu.

Ya kwanza, video ya DVD imebanwa kwa mtindo wa zamani unaoitwa MPEG-2. Simu na vivinjari vingi haviuchezi.

Ya pili ni ukubwa. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7. Hebu fikiria mteja wako yuko kwenye matatu na bando la MB 500. Hafungui video yako. Anafunga ukurasa na kwenda kwa mshindani wako.

Ya tatu ni ile mistari. Video za DVD nyingi zilirekodiwa kwa ajili ya TV za zamani, ambapo kila picha ilichorwa kwa nusu mbili: mistari ya shufwa, kisha ya witiri. Kwenye TV kubwa ya sebuleni hukuona kitu. Kwenye simu, mtu akisogea haraka utaona mikato kama meno ya kitana kwenye ukingo wa mwili wake. Lazima iondolewe wakati wa kugeuza.

Kitu kingine cha kujua mapema: DVD za mfumo wa PAL, uliotumika kwetu Kenya, zina picha ya nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Hiyo ni ndogo ukilinganisha na video ya simu ya leo. Hakuna programu itakayoifanya iwe kama imepigwa jana. Fundi akikuahidi "nitakutolea HD kabisa" kwa bei ya juu, jua unauziwa maji ya mto ukingoni mwa mto.

Unachohitaji

- Kompyuta, hata ya zamani. Kama haina tundu la DVD, azima ama ununue kisomaji cha nje kinachochomekwa kwa USB.
- Nafasi ya kutosha. Kwa kila DVD tenga GB 5 za nakala asili, na juu yake GB 1 ama 2 za faili mpya.
- Flashi ama diski ya nje ya kuhifadhi nakala ya pili.
- Programu ya kugeuza. Sisi tunapendekeza HandBrake. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ipakue kwenye tovuti yake rasmi, handbrake.fr. Ukiona tovuti nyingine inakuomba ulipe ama uweke namba ya simu ili upewe HandBrake, toka haraka.

Hatua ya 1: Safisha na ukague

Tumia kitambaa laini kisicho na vumbi. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe mkono kama unaosha sahani, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski huisumbua mashine kuliko ule unaoukata.

Ikiwa diski inacheza kwenye deki iliyoirekodi lakini kompyuta inaiona kama tupu, huenda haikufungwa baada ya kurekodiwa. Deki za kurekodi zilikuwa na chaguo la kuifunga diski ili isomeke kwenye mashine nyingine, na watu wengi walisahau. Tafuta deki ileile ama ya kampuni ileile uifunge kwanza.

Hatua ya 2: Nakili nzima kabla ya kugeuza chochote

Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo mama wa Thika aliumia.

Fungua diski kwenye kompyuta, nakili folda yote ya VIDEO_TS, ibandike kwenye folda mpya yenye jina linaloeleweka: "Harusi Thika Agosti 2010", si "New folder (3)". Ikimaliza, ifungue kwa programu ya VLC uangalie mwanzo, katikati na mwisho. Kisha weka nakala nyingine kwenye flashi ama diski ya nje, na hiyo ikae nyumba tofauti. Kwa dada yako, kwa mfano. Moto ama mwizi akija, hachukui zote.

Kompyuta ikikwama katikati ya kunakili, usiilazimishe mara ishirini. Safisha tena, jaribu kwenye kisomaji kingine. Visomaji havifanani, diski inayokataliwa na kimoja mara nyingi husomwa na kingine bila shida.

Kuanzia hapa, hata diski ikivunjika, huna wasiwasi. Kazi yote inayofuata fanya kwenye nakala. Diski yenyewe irudi kwenye jalada lake.

Hatua ya 3: Igeuze kwa HandBrake

Fungua programu, iambie isome folda uliyonakili. Itachukua dakika moja hivi kuorodhesha kilichomo. DVD moja huwa na vipande kadhaa: menyu, utangulizi, sherehe yenyewe. Angalia muda. Kile kirefu zaidi kwa kawaida ndicho sherehe.

Kisha fuata haya:

1. Kwenye orodha ya mipangilio iliyo tayari, yaani "Presets", chagua "Fast 576p25". Imetengenezwa kwa video za ukubwa wa PAL, na inakutolea video ya H.264, mtindo ambao karibu kila simu inaufungua.
2. Kwenye "Format" hakikisha ni MP4, kisha weka alama kwenye "Web Optimized". Hiyo hupeleka maelezo ya faili mwanzoni, ili video ianze kucheza kabla haijamaliza kupakuliwa.
3. Kwenye "Filters", angalia kwamba kuondoa ile mistari ya kitana kumewashwa. Kichujio chake kinaitwa "Deinterlace".
4. Kwenye "Video" utaona ubora unaopimwa kwa herufi RF. Kwa video za DVD kaa kati ya 18 na 22. Namba ikishuka, ubora unapanda na faili linakuwa kubwa. Wengi wetu huchanganyikiwa hapo, kwa hivyo soma tena.
5. Kama unataka kipande tu, usigeuze sherehe nzima. Pale pa kuchagua sura, badilisha kuwa "Seconds", uandike sekunde ya kuanza na ya kumaliza.
6. Chagua pa kuhifadhi, bonyeza "Start Encode", nenda ukapike chai. Kompyuta ya zamani inaweza kuchukua saa moja ama zaidi kwa sherehe ndefu.

Ikimaliza, tazama nyuso. Kama watu wamekuwa wembamba kama wamevutwa juu, ama wanene kama wamekandamizwa, umbo la picha limekosewa. Video za zamani nyingi ni za umbo la 4 kwa 3, za baadaye ni 16 kwa 9. HandBrake kwa kawaida hutambua yenyewe, lakini mpiga video akiwa alikosea tangu mwanzo, utarekebisha kwenye "Dimensions".

Hesabu ya bando

Hesabu hii inakuhusu wewe kama mfanyabiashara, kwa sababu anayelipia kutazama video yako ni mteja. Chukua kasi ya video kwa kilobiti, ongeza ya sauti, zidisha kwa idadi ya sekunde, gawanya kwa 8. Utapata kilobaiti. Gawanya kwa 1,000 upate MB.

Tuseme video ni kilobiti 1,000 kwa sekunde na sauti ni 128. Jumla 1,128.

- Sherehe ya saa moja: 1,128 × 3,600 ÷ 8 = 507,600. Hiyo ni karibu MB 508.
- Kipande cha sekunde 90: 1,128 × 90 ÷ 8 = 12,690. Karibu MB 13.

Umeona tofauti? Mteja anayetaka kujua kama mahema yako hayavuji hahitaji hotuba ya mjomba. Anahitaji sekunde 90: hema likiwa limesimama, meza zimepambwa, watu wamejaa, chakula kinatolewa. Sherehe nzima ibaki kwenye diski yako ya nje. Tovuti ipewe kipande.

Hatua ya 4: Ipandishe

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka faili moja kwa moja kwenye tovuti yako. Inafaa kwa kipande kifupi na tovuti isiyo na watembeleaji wengi. Lakini kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti zinakuwekea kikomo cha data kwa mwezi, na watu wakiipenda video, kikomo kinaisha.

Ya pili, na ndiyo tunayopendekeza kwa wengi, ni kuipandisha kwenye YouTube kisha kuipachika kwenye ukurasa wako. Haikugharimu, na YouTube hutengeneza yenyewe matoleo ya ubora tofauti, hivi kwamba mtu mwenye mtandao dhaifu anapewa toleo jepesi. Akaunti ambayo haijathibitishwa hairuhusiwi video ya zaidi ya dakika 15. Ukiithibitisha kwa namba ya simu, kikomo kinapanda mpaka saa 12.

Na hapo tusikilizane vizuri. Utatumiwa msimbo kwa SMS. Huo ni wako peke yako. Akipiga mtu akisema "mimi ni wa YouTube" ama "mimi ni wa kampuni ya malipo, nisomee hizo namba", kata simu. Sisi hatukuulizi msimbo wala PIN, leo wala kesho.

Kwenye kuchagua nani aone, kuna tatu: "Public" ni kila mtu, "Unlisted" ni mwenye kiungo tu, "Private" ni wale uliowaalika. Video ya familia iweke kwenye hizo mbili za mwisho.

Kabla hujabonyeza: je, ni yako?

DVD kuwa kabatini kwako hakukupi ruhusa ya kuirusha hewani. Filamu uliyonunua mtaani si yako. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda aliyeitengeneza, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ipo kwa kazi hiyo. Hata video ya harusi uliyopamba, piga simu mbili: kwa aliyeipiga na kwa wenye harusi. Omba ruhusa, wakujibu kwa ujumbe ulioandikwa, uuhifadhi. Kama kuna watoto wanaoonekana wazi, zungumza na wazazi wao. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na sura ya mtu ni data yake.

Muziki nao una wenyewe. Ule wimbo uliopigwa wakati wa keki unaweza kutambuliwa na mitambo ya YouTube, video ikazimwa sauti, ikazuiwa, ama mapato ya matangazo yakaenda kwa mwenye wimbo. Kwa kipande cha sekunde 90, ni rahisi zaidi kuondoa sauti na kuweka muziki ulioruhusiwa. YouTube ina maktaba yake ya bure.

Ukimpa fundi: lipa kama unavyojenga nyumba

Si kila mtu ana muda ama kompyuta. Hakuna aibu kumpa fundi, na mafundi waaminifu ni wengi. Lakini hakuna anayejenga nyumba akamlipa fundi yote siku ya kuchimba msingi. Fanya hivi:

Andika namba kwenye kila diski kwa kalamu ya wino laini, na upige picha zote zikiwa zimepangwa mezani. Diski 1 mpaka 8, kwa mfano.

Peleka moja kwanza. Chagua isiyo na thamani kubwa. Ikirudi salama na faili likafunguka kwenye simu yako, ndipo upeleke nyingine. Ile ya pekee, isiyo na nakala popote, ipeleke mwisho. Bora zaidi, kaa naye mpaka anakili.

Makubaliano yawe kwenye ujumbe. Si lazima wakili. Ujumbe kama huu unatosha: "Tumekubaliana DVD 8, bei 500 kila moja, jumla 4,000. Utanipa MP4 na nakala nzima ya kila diski kwenye flashi yangu, pamoja na diski zenyewe. Tarehe 20." Naye ajibu, "Sawa, nimekubali."

Lipa kwa awamu. Kwa mfano huo wa 4,000: toa 500 kwa diski ya majaribio, 1,500 akimaliza tatu, 2,000 ya mwisho ukishapokea na kukagua zote. Kila awamu ifuate kazi uliyoiona kwa macho.

Lipa kwa till ya biashara kama anayo. Namba ya kibinafsi inaonyesha jina la mtu. Till inaonyesha biashara iliyosajiliwa kupokea malipo. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti na la anayekuhudumia, uliza kwanza. "Tuma kwa namba ya ndugu yangu, till yangu ina shida" ni maneno tunayoyasikia sana kwenye malalamiko.

Usifute ujumbe wa muamala. Ile namba ya muamala ndiyo risiti yako. Bila hiyo, hata ukija kwetu ama kwa polisi, tunaanza kutafuta sindano kwenye nyasi.

Na wewe fundi unayetusoma, somo hili ni lako pia. Ukipokea kwa till, ukiandika makubaliano, ukirudisha diski ya kwanza kabla ya kuombwa, mteja atakuletea na za majirani.

Maswali mnayotuuliza

*Je, naweza kuirekodi TV kwa simu ikicheza?* Unaweza, na kama deki iko mahututi ni bora kuliko kukosa kabisa. Lakini utapata mwangaza wa dirisha, kelele za watoto na picha yenye mawimbi.

*Nikishageuza, nitupe diski?* Hapana. Haikuli chakula. Iweke wima kwenye jalada lake, mbali na dirisha na jiko.

*Nimekosea namba nikilipa fundi, nifanyeje?* Omba kurudishiwa mara moja, kabla mwenye namba hajatumia pesa. Dakika zinahesabika.

Tumalizie na mama wetu

Baada ya ile simu, hakukaa kulia. Alianza kuwapigia waliofunga ndoa miaka ile, mmoja mmoja, akiwauliza kama bado wana nakala zao. Wengine walikuwa wamehama, wengine wameachana na hawakutaka hata kusikia neno harusi. Mpaka tunaandika haya amepata diski tano kati ya 14. Mpwa wake amezinakili zote nyumbani, mama akiwa amekaa kando yake. Tovuti sasa ina vipande vitatu vifupi, na wiki iliyopita alitwambia kuna mteja wa Murang'a aliyempigia baada ya kuviona, akalipia nafasi ya Desemba kwa till.

Tukamuuliza ni ipi anayoitafuta zaidi kati ya zile tisa zilizobaki. Akasema ni ya 2008, harusi ya kwanza kabisa kuipamba. Marehemu mume wake yuko humo, amepanda ngazi anafunga kamba ya hema, na mpiga video akamwomba asalimie watu. Akasalimia. Ni sekunde chache tu. Kwingine kokote, mama anasema, sauti yake haipo.

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujalala, fungua lile kabati.

Tukutane wiki ijayo. Kama una swali kuhusu somo hili, tuandikie. PIN yako baki nayo.